Sindano ya Ejo

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Baba mkwe kaumwa na mbwa asubuhi hii, migombani, pajani. Mbwa asiyejulikana — mate yanamchuruzika, anakwenda upande upande. Hirwa mume wangu yuko Kayanga kwenye ujenzi, kwa hiyo ni mimi na mzee tu. Mzee anataka majani. Majani! Nikamwambia Baba, kichaa cha mbwa kikishaanza hakina dawa, panda bodaboda hiyo.

Kituoni tulimkuta nesi Joviana. Mimi nikabaki kwenye benchi nje, paja la baba mkwe si la mimi kutazama. Nikasikia maji tu. Aliosha kidonda kwa sabuni, akaosha, akaosha, mpaka Baba akauliza kama anafua shuka.

Kisha: "Jina lako kamili?" Baba akaja juu. Joviana! Si nilikula pilau harusini kwako? Naye akajibu kwa upole kwamba kwenye sindano hamjui mtu, Baba ataje jina. Halafu mlangoni akanitaka mimi nithibitishe. Nikajifunika uso kwa kanga. Kwetu mkamwana hataji jina la baba mkwe, wala sijawahi, tangu niolewe. Baba akacheka akalitaja mwenyewe.

Chupa akaionyesha, tarehe akaisoma kwa sauti, bomba la sindano akalifungua mbele yake. Niliona anachelewa. Sasa nimetulia, na nasema asante. Ametaka sindano zifike nne.

Jumatano, 3 Septemba

Yule mbwa amekutwa amekufa mtaroni. Bwana mifugo kasema dalili zote ni za kichaa. Nilikaa chini palepale na jembe langu. Mungu wangu, na mzee alitaka majani!

Jumatatu, 8 Septemba

Tatu tayari. Umeme ulikuwa umekatika usiku, basi Joviana hakugusa dawa mpaka asome kipimajoto cha friji. Watu wa benchini wakanung'unika, mmoja akasema anajifanya daktari wa Dar. Mimi kimoyomoyo: nung'unikeni tu. Joto lilikuwa sawa, akamchoma.

Ugali wa leo Baba kala mara mbili.

Jumapili, 14 Septemba

Nimefurahi! Baada ya ibada nimemuuliza Baba, sindano ya mwisho lini? Akajibu neno moja la Kinyarwanda, "Ejo," yaani jana. Jana alikuwa Kayanga na Hirwa, bila shaka walipitia kituoni. Kadi yake inakaa kotini, na mimi siwezi kutia mkono mfukoni mwa baba mkwe. Nimepiga kigelegele mpaka kuku wakakimbia. Nikamwambia basi Baba, asubuhi nenda zako Rubwera kwa shangazi Uwiduhaye, anakusubiri tangu ubatizo wa mjukuu wake. Akaniangalia kidogo. Akasema sawa.

Jumatatu, 15 Septemba, jioni

Naandika nikiwa kituoni. Siwezi kukaa bila kuandika, nitalia.

Saa kumi nilikuwa naanika maharage. Bodaboda ikaingia uani — Joviana, na sare yake. Shikamoo hakuna, salamu hakuna: "Baba yuko wapi?" Nikamwambia Rubwera, si alimaliza juzi? Akasema hapana, ni leo. Kwao asiyekuja anatafutwa siku hiyohiyo kabla ya kufunga, ndiyo sheria yao.

Ejo! Mimi Nikuze, niliyenyonya Kinyarwanda kwa mama, nimeponzwa na ejo! Ejo ni jana, na ejo ni kesho, lugha yetu haijali. Yeye alisema kesho. Mimi nikasikia jana.

Tukampigia kwa shangazi. Nikamuuliza Baba, kwa nini ulikubali kuondoka? Akasema kwa utulivu kabisa: nilikuambia ejo, ukanipeleka Rubwera, nikajua umenipangia sindano huku. Tangu asubuhi kavaa koti anasubiri kuitwa! Nikacheka na machozi yakanitoka papo hapo. Kumbe mzee ananiamini kiasi hicho. Miaka yote nilidhani ananivumilia tu.

Joviana hakunigombeza. Simu yangu ikazima, akanipakia nyuma yake, tukaja hapa kituoni kwenye simu yake yenye chaji. Kampigia muuguzi mwenzake wa kituo cha Rubwera, Salvina. Dawa ipo? Ipo. Friji inasoma ngapi? Akasubiri mpaka yule aende akaangalie! Nilitaka kumng'ata. Kisha nikamshukuru, maana mzee ni wangu.

Shangazi kamfikisha Baba kwa Salvina sasa hivi. Lakini kadi kaisahau kwetu nyumbani, kwenye koti la shamba, na benchini kwa Salvina kuna wazee wawili walioumwa na mbwa. Baba masikio huwa mazito penye kelele, akiulizwa anaitikia kila jina. Shangazi katoka nje kumlipa bodaboda, na kituo kinakaribia kufungwa. Salvina kasema hachomi mtu kwa kukisia, ndugu athibitishe jina kwenye simu.

Joviana kaweka spika. Nikamwambia taja wewe, unalijua. Akatikisa kichwa: anataka ndugu, Nikuze.

Nikafumba macho nikalitaja. Lote, na la babake. Hapa sitaliandika.

Nikaona nimekwisha, nimemvunjia heshima mbele ya watu. Salvina akalirudia jina kwa sauti kubwa, ni nani kati yenu?

Kisha sauti ya Baba, ya mbali, kama anazuia kicheko:

"Ni mimi. Mkwe wangu ameniita."

Joviana kanishika bega. Sasa tunasikia maji ya bomba huko, Salvina ananawa mikono amchome.