Vidole Kumi vya Viza

Jumatatu, 13 Novemba
Nimerudi Unyambwa mchana, mgongo umekufa kwa basi la Dar. Na viza sina! Barua ya mwaliko ya mdogo wangu Scholastika, aliyeko Vienna, ilikuwa sawa, bima sawa, tiketi ya tarehe 17 Desemba sawa – ile isiyobadilishika. Kilichonikwamisha ni vidole vyangu mwenyewe. Nikabonyeza kioo cha kuchukulia alama. Tena. Dada wa ofisini akanifuta kwa kitambaa, tena. Mashine haioni alama. Akaniuliza kwa upole nafanya kazi gani. Vitunguu, nikamwambia, miaka ishirini na saba. Akasema jembe limekula mistari yote. Nipumzishe mikono, nipake mafuta, nirudi Jumanne tarehe 28. Isiposoma siku hiyo, basi, viza haitawahi safari.

Mikono ipumzike! Novemba! Anajua Novemba ni nini?

Alhamisi, 16 Novemba
Mvua imenyesha. Unyambwa nzima iko shambani, mimi nimekaa barazani na glavu za mpira zilizojaa mafuta ya mgando. Mume wangu Sixbert ndiye anayelima. Analima kama kuku anayepekua! Nimeuma ulimi. Jioni kasonga ugali mwenyewe, mabonge matupu. Nikala nikamsifu.

Jumapili, 19 Novemba
Scholastika kapiga simu. Kapewa likizo ya siku tano, zote kazipanga: kanisa lenye paa la vigae vya rangi, jumba la wafalme, soko la Krismasi, tramu ya kuzunguka Vienna yote. Addis nitasubiri ndege kwa saa sita, nisibanduke getini hata kufuata maji. Nimeandika kila kitu. Halafu akasema miaka kumi na minne hajamshika mkono mtu wa kwao. Mama tulimzika bila yeye. Nikalia, na machozi siwezi kuyafuta – glavu!

Lazima niende. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Alhamisi, 23 Novemba
Nimevua glavu, nikatazama vidole juani. Mistari inarudi! Myembamba, lakini ipo. Sixbert kavaa miwani kuhakikisha, akacheka peke yake. Bado siku tano.

Jumamosi, 25 Novemba
Hezekia amefariki. Mume wa Raheli, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Kaanguka shambani asubuhi, hakufika hospitali.

Maskini Raheli! Mama alipokufa yeye ndiye aliyesugua masufuria yetu siku tatu, kwa majivu na mchanga, na mkono mmoja una jeraha la moto. Na mimi leo nimeingia kwake na glavu. Wanawake wanapasua kuni, wanateka maji, wanapepeta mchele. Nikasema nitawanawisha watu. Nikaambiwa glavu hizo zinatia kinyaa. Nikakaa. Nilipopewa sahani, mmoja akasema, wala hakunong'ona: asiyefanya kazi na asile. Wengine wakacheka chini chini. Sikula. Nina aibu mpaka sasa.

Jumapili, 26 Novemba
Tumezika saa nane. Watu wamekuja hadi kutoka Nduguti. Walipokula wakaanza kuondoka, masufuria yakabaki yamerundikana uani. Nikainuka. Raheli akaniona kutoka mkekani alipokaa. Akasema, bila hasira yoyote, "Kaa tu, dada yangu. Mikono yako ina safari."

Afadhali angenitukana!

Nilianza na glavu. Sufuria ya kwanza tu, mchanga ukazichana zote mbili. Nikazitupa. Nimesugua sita kwa mikono mitupu. Nimekimbilia nyumbani kuchukua majivu, naandika nimesimama. Nimebonyeza kidole gumba hapa pembeni ya ukurasa, kina masizi. Doa jeusi tupu. Gumba la kushoto – mistari minne, labda mitano. Ingetosha? Nani wa kuniambia? Basi la Dar linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Scholastika katuma ujumbe nibebe koti zito, kwao theluji imeanza.

Yamebaki masufuria mawili, yale makubwa ya ubwabwa, yameungua chini. Wenzangu wametawanyika. Nikiiacha ndoo hii ya majivu hapa mlangoni, nikanawa, nikapaka mafuta, hakuna atakayenilaumu. Raheli mwenyewe kaniruhusu.

Namwona kupitia dirisha. Kainuka mkekani. Anajifunga khanga kiunoni, anavuta sufuria. Mfiwa aoshe vyombo vya msiba wa mumewe, mimi nipo?