Nguo za Saturnino

Wayllapampa, 4 Juni 2006

Mwanangu Nilda,

Nakusalimu wewe na mjukuu wangu. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto na baridi havipatani. Viazi nimeshavitandaza nje vipigwe na barafu. Vikikauka nitakutumia gunia kwa basi.

Daftari lako limefika. Tunasoma Kihispania wanawake kumi, baada ya kulisha mifugo. Mwalimu Rosmery ni mtoto wa juzi, namkumbuka akitambaa, leo ananisahihisha kwa kalamu nyekundu. Nimekubali. Mwaka jana nilimweleza jaji saa nzima kwa Kikechua, mkalimani akatoa maneno matatu ya Kihispania, akakaa. Safari hii, tarehe ishirini Agosti, nitasema mwenyewe jinsi wanajeshi wenye malori walivyomchukua baba yako.

Huo wakati uliopita wa vitenzi si mgumu. Nilipika, nilipanda, nilikamua. Nayasema machungani mpaka kondoo wananishangaa.

Mama yako,
Teodosia, mke wa Saturnino

Lima, 18 Juni 2006

Shikamoo Mama,

Sisi hatujambo, mtoto ameota jino. Vipi goti?

Mama, Rosmery amenipigia simu. Anasema kila kitu unaandika sawa, ukifika kwa Baba tu unaandika *vive*, anaishi. Anakukata kwa nyekundu, unaandika tena vilevile. Wakili wetu amesikia, ameshika kichwa. Ukimwambia jaji kwamba Baba anaishi, wale wa upande wa pili watauliza anaishi wapi, na kesi itafungwa. Jaji ameshasema haiahirishi tena. Tafadhali Mama, sema *vivió*, aliishi. Ni neno moja tu.

Binti yako,
Nilda

Wayllapampa, 2 Julai 2006

Mwanangu,

Salamu nyingi. Goti ni lilelile.

Unasema neno moja. Nani alimwona amekufa? Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, una miezi minane. Umekaa Lima mpaka umesahau ya kwenu? Mtu akifa, siku ya tano nguo zake zinafuliwa mtoni, aende zake safi. Za baba yako hazijafuliwa. Zipo sandukuni, kila Juni nazitoa nazianika, nazikunja tena. Nikisema mbele ya watu kwamba aliishi, nitarudije nyumbani kulitazama lile sanduku? Itakuwa mimi ndiye niliyemuua.

Mama yako,
Teodosia, mke wa Saturnino

Lima, 10 Julai 2006

Mama,

Baba amekufa. Amekufa tangu mwaka themanini na nne. Maisha yangu yote nimekuwa mtoto wa mtu anayekuja kesho. Hata nilipoolewa ulikataa karamu, eti tumsubiri. Nilivumilia. Sasa nimechoka. Ukienda kwa jaji ukasema anaishi, usinitafute.

Nilda

Lima, 30 Julai 2006

Shikamoo Mama,

Siku ishirini sijapata neno lako. Rosmery anasema umeacha kwenda darasani. Nimepiga simu ya dukani mara nne, wanasema wamekuita, hukuja. Unaumwa? Nisamehe ile barua. Niliiandika nikiwa na hasira na sikuisoma mara ya pili. Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Binti yako,
Nilda

Wayllapampa, 16 Agosti 2006

Mwanangu Nilda,

Nakusalimu. Barua hii naipa dereva wa basi mkononi, ikufikie upesi. Siumwi. Nilikukasirikia, na siku nyingi sikusema na mtu. Ile karamu ya harusi ndiyo iliyoniuma, maana ni kweli.

Nikaenda kwa kompadre Eleuterio, baba yako wa ubatizo. Nikamwambia, "Kompadre, nifulie nguo za Saturnino." Akavua kofia. Akasema, "Komadre, nimengoja uniambie hivyo mpaka nimezeeka."

Tukahesabu siku tano kama inavyotakiwa, tukapika mahindi, tukashuka mtoni. Mjane hafui, kwa hiyo nilikaa kwenye jiwe nikatazama. Kompadre aliifua suruali, akafua mashati mawili. Akafika kwenye poncho, lile joho lake la sufu, nikamzuia. Hiyo utaifua wewe, binti yake.

Jana nilirudi darasani. Nilisimama, nikasema kwa Kihispania: Saturnino aliishi hapa. Alipanda viazi. Alicheka kwa sauti mpaka mbwa wakabweka. Walimchukua asubuhi, mguu mmoja hauna kiatu. Nililia katikati, nikaendelea hadi mwisho. Rosmery hakushika kalamu yake.

Njoo Huamanga mahakamani tarehe ishirini, ukae mahali nitakapokuona. Kisha tupande huku pamoja. Leta sabuni nzuri, ya hapa haitoi povu.

Mama yako,
Teodosia, mjane wa Saturnino