Safari Hii Hakuna Kamba

Jumatatu, 13 Novemba 1978

Mvua kidogo asubuhi. Nimepanda karanga hadi nusu ya shamba, mgongo ukakataa. Mama Masanja akanipokea jembe. Masanja na wenzake walikuwa wakilima kwa Mama Kulwa tangu alfajiri. Ngoma yao ilisikika hadi hapa. Masanja mwanangu ndiye nsumba ntale mwaka huu, mkuu wa vijana wanaolima kwa kushirikiana. Yeye huanza tuta la kwanza, na hakuna anayeweka jembe chini kabla yake. Atakayeweka atataniwa hadi azeeke.

Mchana akaja katibu kata kwa baiskeli. Jumatano kuna mkutano. Wanajeshi wanakuja kuandikisha vijana kwa ajili ya vita vya Kagera. Anataka nizungumze, kwa kuwa nimekuwa askari na nimekuwa mwalimu. "Wewe ukieleza, Mwalimu, hata mbuzi wanaelewa."

Nimekubali. Hata nilifurahi.

Jumanne, 14 Novemba

Nimepanga maneno yangu. Nitaeleza hivi. Zamani za Mwingereza, mtemi aliagizwa idadi ya watu wa kupeleka vitani. Akawagawia wanangwa wake, wakubwa wa vijiji, kila mmoja na fungu lake. Mwanangwa wetu aliita vijana kulima shamba la mtemi. Tukaenda na majembe. Askari walikuwa wamejificha kwenye mtama. Tulifungwa kamba kiunoni, mmoja nyuma ya mwenzake, tukatembezwa hadi Kahama. Sikuwaona tena wazazi wangu mpaka vita vilipokwisha, na baba sikumkuta.

Leo serikali ni yetu. Anayetaka anapiga hatua mbele. Asiyetaka anabaki alipo. Ndiyo tofauti, nayo ni kubwa. Naiamini.

Masanja amekula, akaenda kulala. Sikumwuliza kama ataenda. Sitaki aende. Ni mtoto pekee tuliyebaki naye. Wawili tuliwazika wangali wachanga. Lakini siwezi kumwambia wangu abaki, kisha kesho nisimame mbele ya watu niwaambie wao watoe wao.

Jumatano, 15 Novemba

Nilieleza vizuri. Uwanja wa shule ulijaa. Afisa, kijana mpole, akarudia maneno yangu: hakuna atakayelazimishwa. Akachora mstari chini kwa fimbo yake. Anayejitolea avuke.

Nikaona vichwa vinageuka, kimoja kimoja. Havikunigeukia mimi wala afisa. Viligeuka kwa Masanja.

Aliwatazama wote isipokuwa mimi. Akavuka. Kikundi chake chote kikavuka nyuma yake, Kulwa na Doto mbele ya wengine. Ni mapacha. Mama yao ni mjane, hana mwingine.

Mtu mmoja nyuma yangu alisema, "Hao wanaenda kulima Uganda." Watu wakacheka. Mimi nikapigiwa makofi.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimekwenda kwa katibu kata. Aibu, lakini nimekwenda. Nikamwambia Masanja ni wa pekee. Alinisikiliza kwa heshima. "Akitaka kurudi aseme mwenyewe, Mwalimu. Hata sasa hivi. Hakuna atakayemgusa."

Nikarudi mbio kama nimebeba dawa. Masanja alikuwa akifunga mzigo wake.

"Nikirudi mimi, baba, wale nawaambia nini?"

"Waambie kila mtu aamue mwenyewe."

"Jana uliwaambia hivyo. Si uliona?"

Niliona.

Ijumaa, 17 Novemba

Lori limewachukua kwenda Kahama, wakapimwe na daktari. Waliimba mpaka mlimani. Mama Masanja hajatoka chumbani.

Jumapili, 19 Novemba

Misa Ushirombo. Padre aliwaombea wote kwa majina. Sikumsikiliza. Nilikuwa na ombi langu. Sikio la kushoto la Masanja hutoa usaha tangu utotoni. Nikaomba daktari alione. Baba gani humwombea mwanawe ugonjwa? Niliomba hadi magoti yakafa ganzi.

Jumanne, 21 Novemba

Masanja amerudi. Daktari amemkataa kwa sababu ya sikio.

Mama yake alipiga vigelegele, kisha akajiziba mdomo. Mimi nilishukuru. Baadaye Masanja akanisimulia, nikaacha kushukuru.

Waliokataliwa walipandishwa kwenye lori la kurudi. Wenzake waliokubaliwa walikuwa uwanjani, hatua chache tu. Afisa yule yule aliwaambia: gari ndilo hilo, anayeona hawezi apande sasa, si aibu, hatutamwuliza sababu. Hakuna aliyemtazama afisa. Walimtazama Masanja, aliyekuwa amesimama ndani ya lori. Walikuwa wakingoja aseme.

"Nikisema rudini, nimewafanya waoga mbele ya jeshi zima," aliniambia. "Nikinyamaza, nimewapeleka. Nikawa nafikiri. Dereva akawasha gari."

Hakuna jembe lililowekwa chini. Mkuu wao hakuwa ameweka lake.

Nilitaka kumwambia kwamba hana kosa, kwamba walikuwa huru. Nilisikia maneno hayo kichwani kwa sauti yangu ya mkutanoni. Nikampokea mzigo, nikauingiza ndani.

Jumatano, 22 Novemba

Mama Kulwa amekuja asubuhi. "Shikamoo, Mwalimu." Nilitamani asingenisalimu.

Akakaa kwenye kigoda. "Nieleze nielewe. Wewe ulisema hakuna anayelazimishwa. Afisa hakuwalazimisha. Masanja anasema naye hakuwalazimisha. Wangu wawili wameondoka. Nani kawachukua?"

Nikamletea maji. Hakuyagusa.

"Nina dume moja la ng'ombe. Nimpelekee nani, anirudishie mmoja? Yeyote. Sichagui."

Si swali la kijinga. Wakati wetu ilikuwa hivyo. Rafiki yangu alifunguliwa kamba njiani, kwa sababu baba yake alimfuata mwanangwa na fahali. Kamba ile ilikuwa na mwenyewe. Unamwendea, unapiga magoti, unamlaani akikukatalia. Hii ya sasa haina mwenyewe. Nimewaza mchana kutwa, sijui mlango wa kubisha.

Nilimwambia abaki na dume lake. Akasema, "Kumbe bora wangefungwa kamba." Akaenda.

Miaka yote nimefundisha kwamba kulazimishwa ni kubaya na kujitolea ni kuzuri. Bado nafikiri ni kweli. Lakini simjui mtu aliyefungwa kama Masanja mle ndani ya lori, na mikono yake ilikuwa huru.

Jumamosi, 25 Novemba

Masanja alikwenda Kahama kujaribu tena. Hakutuaga. Kumbe wenzake wamekwisha pelekwa mbele, hakuna anayejua wapi. Daktari ni yule yule. Amerudi jioni na vumbi hadi kwenye kope, akalala bila kula.

Vijana waliobaki wamemwomba aite watu kulima. Amekataa. Ngoma amempa mtu mwingine.

Jumapili, 3 Desemba

Mvua imeshika. Redio inazungumza juu ya Kagera, haitaji watu wetu. Hakuna barua.

Wiki hii Masanja amekuwa akilima kwa Mama Kulwa, peke yake, bila ngoma. Shamba la wana wawili ni kubwa kwa mtu mmoja. Leo baada ya Misa nilichukua jembe nikamfuata. Alisogea kidogo, akaniachia tuta lililo karibu na kivuli.

Mama Kulwa alikuja na kibuyu cha maziwa. Alitukuta tukihema. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, njia nzima. Alipofika yakawa hayana kazi. Akamimina, akampa Masanja kwanza, kisha mimi. Tukanywa. Yeye akaangalia mawingu upande wa Geita, akasema karanga zisipoingia wiki hii zitachelewa.

Nikamwuliza mbegu ziko wapi. Akaenda kuzileta.

Tulipanda mpaka jua likatufukuza.