Askari, Mwambie Mama

Mpendwa Mama,

Neno hilo peke yake lingenigharimu kondoo huko kwenu. Mkwe wa kiume kumwita mama mkwe wake mpendwa, tena kwa maandishi! Ungegeukia ukutani ukajiziba mdomo kwa leso ili nisikuone ukicheka. Lakini leo hunioni nami sikuoni, kwa hiyo acha nijipe ruhusa.

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, kwenye kile kituo cha mafuta kando ya barabara ya Houston, ukishapita Fairfield kidogo. Ndiyo, pale pale. Malori bado yanalala upande ule wa kushoto na injini zao zinanguruma. Kumekucha, lakini jua limegoma kutoka, na baridi ni ile ya kung'ata masikio. Askari yuko kiti cha nyuma, mahali pako, amejikunja, pua ameificha chini ya mkia. Amezeeka, Mama. Uso umekuwa mweupe, na siku hizi ili apande garini lazima nimbebe kama mtoto.

Juzi Wafula alinipigia simu nikiwa kazini. Kitinda mimba wako huwa hapigi mchana, anajua niko ghalani. Aliposema tu, "Shemeji, kaa chini kwanza," nilijua. Nikakaa juu ya boksi, nikamwacha aongee.

Unakumbuka ulivyofika Arlington? Binti yako Nekesa, mke wangu, alikuwa ameshalemewa na ule ugonjwa, na daktari alikuwa ameandika barua ili upewe viza. Siku hiyo hiyo nilibeba blanketi langu nikaenda kulala kwa rafiki yangu Mwakio, jengo la pili kutoka letu. Ningefanyaje? Kwenu Bungoma mama mkwe na mkwe hawalali chini ya paa moja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Sisi Wataita heshima ya mkwe tunayo, lakini si kwa ukali huo. Jirani yetu Mmarekani akaniona natoka na mto kwapani jioni baada ya jioni, akamwuliza Nekesa kwa upole kama tumeachana. Nekesa alicheka mpaka akashikwa na kikohozi.

Na ni wewe uliyeanza mambo ya Askari. Huyu mbwa Nekesa alimwita Askari kwa utani, maana alikuwa anaogopa kila kitu, hata mfuko wa plastiki ukipeperuka. Asubuhi ya kwanza niliporudi kutoka kwa Mwakio nikakukuta jikoni. Ukanipa mgongo, ukamwinamia mbwa: "Askari, mwambie baba yako uji uko mezani." Nami sikukawia: "Askari, mwambie Mama asante, na umwulize kama amelala vizuri." Yeye akawa anageuza kichwa huku na huku. Nekesa akapaza sauti kutoka chumbani, "Haki huyu mbwa sasa amekuwa posta!"

Basi tukaishi hivyo. Habari za hospitali, za dawa, za sukuma wiki iliyokosekana dukani, zote zilipitia kwa mbwa. Hata siku ile niliporudi kutoka hospitali peke yangu, ulinitazama viatu, ukapiga magoti sakafuni, ukamshika Askari masikio yote mawili ukamwuliza, "Amekwenda?" Mimi nikajibu, "Askari, mwambie Mama, ndiyo." Ukalia ukiwa umemkumbatia yeye. Mimi nikatoka nikalia kwenye ngazi.

Jeneza lilitangulia Houston, kwa kuwa ndege yenu ilikuwa inaondokea huko. Wewe ungempeleka nyumbani. Mimi nisingeweza. Ombi langu la karatasi lilikuwa bado halijajibiwa, na ningetoka nje ya nchi hii nisingeruhusiwa kurudi. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kukufikisha uwanja wa ndege, basi. Nilimwomba Mwakio abaki na Askari, nawe ukakataa kata kata. "Askari, mwambie baba yako hata wewe unakwenda. Alikuwa wako. Umsindikize."

Ulipanda nyuma, nyuma kabisa ya kiti changu, ili macho yasikutane. Nami nikakipindua kile kioo cha kati kitazame paa. Woi, Mama! Nilishika barabara ya kusini siku ya barafu, sioni nyuma, na mbwa mwoga kando yangu anatetemeka kila wiper ikipita. Tulipofika Corsicana mvua ilikuwa inaganda ikigusa kioo. Magari yalikuwa yamelala mitaroni. Wewe nyuma ulikuwa unaomba kwa Kibukusu, na kila gari likiteleza mbele yetu unasema, "Askari, mwambie polepole." Nilikuwa naenda polepole kiasi kwamba mtu wa baiskeli angetupita.

Mwishowe polisi wakasimamisha watu wote, barabara haipitiki mpaka asubuhi. Tukaingia kile kihoteli cha kando ya njia. Mhudumu, mama mmoja mnene mwenye huruma, akatuambia tuna bahati: kimebaki chumba kimoja, kina vitanda viwili, na mbwa hana neno. Alitabasamu, akijua ametuokoa. Mimi nikatazama sakafu, wewe ukatazama kalenda ukutani. Yule mama akatutazama kwa zamu, akamtazama na Askari, hakuelewa mambo yameharibikia wapi.

Nikasema wewe chukua chumba, mimi nitalala garini. Ukamgeukia mbwa kwa sauti ya juu, mpaka watu waliokuwa wanakunywa kahawa wakanyamaza. "Askari, muulize baba yako, nikifia humo peke yangu, watu wa hapa watamwita nani? Na yeye akiganda huko nje, nimpeleke nyumbani na yeye sandukuni?" Ukafikiri kidogo, kisha ukatoa hukumu kama hakimu: "Gari si nyumba. Gari ni njia. Njiani watu hukaa karibu." Nikarudisha ufunguo.

Tukaja hapa penye taa na malori. Ukavua leso yako, ile ya njano yenye maua mekundu, ukaifunga huku na huku kwenye vile vishikio vya juu ya milango, ikawa pazia kati ya viti vya mbele na vya nyuma. Injini nilikuwa naiwasha kidogo, joto likiingia naizima. Askari alikuwa hajui akae upande gani. Anapita chini ya leso anakuja kwangu, anajilaza mapajani, nikishapata joto anajikumbuka anarudi kwako. Tulimgawana hivyo, na kila aliporudi manyoya yake yalikuwa na harufu ya yale mafuta yako ya mgongo.

Safari moja aliporudi kwako ukasema, "Askari, muulize baba yako kama mtoto wangu aliumia mwishoni."

Nilikueleza, kupitia kwake. Kwamba alikuwa amelala, kwamba niliushika mkono wake. Na kwamba siku mbili kabla aliniambia, "Usije ukatoka kwa ajili ya kunizika. Ukitoka, kila kitu tulichohangaikia kimekufa na mimi." Nilisikia unapenga kamasi.

Ndipo nikauliza swali lililokuwa limenikaba tangu Arlington. Mtoto hatukujaliwa. Mke amekufa, na kaburini sitaonekana. Watu wa boma lako wangesema nini kuhusu mume asiyemrushia mkewe hata udongo? Kwetu mimi wazazi walishaondoka kitambo. Nilikuwa na Nekesa, na kupitia kwake nilikuwa na ninyi. Nikasema, "Askari, muulize Mama atawaambia nini watu wa kwao. Muulize kama mimi bado ni mtu wake."

Leso haikutikisika. Nilingoja. Askari naye akainua kichwa akangoja. Kisha nikasikia pumzi yako imekuwa nzito, nikajiambia umelala, na nikajiambia pia kwamba hilo lilikuwa jibu. Mama, nimewahi kukaa peke yangu sana katika nchi hii, nimekula Krismasi peke yangu, nimeugua peke yangu. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa kwenye kiti hiki cha mbele, na wewe uko nyuma yangu kabisa.

Asubuhi ulimimina chai ya tangawizi kutoka kwenye thermos, ukaisukuma chini ya leso, ukaondoa mkono, ndipo nikachukua kikombe. Ilikuwa imeshapoa. Niliinywa yote.

Houston hakukuwa na barafu, manyunyu tu. Mbwa hawakumruhusu ndani ya uwanja wa ndege, tukamwacha garini anatutazama kupitia kioo. Nikakubebea sanduku mpaka kwenye foleni, na hapo ndipo tulipojikuta sisi wawili tu, hakuna wa kupokea maneno. Watu walikuwa wanakumbatiana pande zote. Nami sijui nini kilinishika. Nilisahau Bungoma na mwiko na kila kitu, nikanyoosha mikono yote miwili kuja kwako.

Ukaruka nyuma! Kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Ukajivutia koti mabegani, ukanipa ubavu. Mikono yangu ikabaki hewani, nikajua sasa nimefukuzwa rasmi. Nikaishusha, nikaanza kutafuta njia ya kuondoka bila kulia mbele za watu.

Ndipo ulipoinama ukaligonga sanduku lako kwa kidole, kogo, kogo, kama mtu anayebisha mlango.

"Wewe sanduku," ukasema. "Mwambie mkwe wangu mkono simpi. Mkono nampa mtu wa njiani, hata polisi wa jana nilimpa. Mwambie nikimshika leo, nitakuwa nimekubali kwamba mimi na yeye yamekwisha. Na hayajakwisha."

Ukaligonga tena. "Mwambie ale. Amekonda." Kisha ukalivuta ukaenda, na hukugeuka, maana mama mkwe hageuki.

Nilirudi garini nikakuta leso ya njano bado imefungwa kwenye vishikio. Mpaka leo sijui kama uliisahau. Iko hapa, Askari ameilalia.

Tangu hapo, kila mwaka baridi ikianza kuuma, mimi na yeye tunateremka kusini. Tunalala hapa, asubuhi tunafika Houston, tunazunguka uwanja wa ndege bila kushuka, tunarudi. Mwakio ananiambia nimechizi. "Unaenda airport kupokea nani, bwana?" Naye siku hizi amehamia Katy, kando ya Houston, na mkewe na watoto, nyumba kubwa, na Arlington nimebaki mimi na huyu mzee wa mkia. Nikifika kutoka kazini namwambia, "Askari, mwambie Mama leo nimekula." Simu nilikuwa nakupigia, ndiyo, lakini unajua mwenyewe: Wafula anashika, wewe unaongea kutoka mbali, yeye anarudia. Nilikuwa nasikia sauti yako nyuma ya yake, na hiyo ilinitosha wiki nzima.

Karatasi zangu zilitoka miezi michache iliyopita. Nilikuwa nimeshanunua tiketi nije mwezi ujao, nione kaburi la Nekesa, nikusalimie kutoka mlangoni. Hukungoja, Mama. Nakulaumu kidogo, niruhusu. Nimebadilisha tiketi, nakuja leo. Askari atabaki kwa Mwakio. Mke wa Mwakio hapendi mbwa, lakini amesema kwa ajili ya mazishi atavumilia.

Nilimwuliza Wafula kwenye simu, nikiwa bado juu ya lile boksi, "Nikifika, nisimame wapi? Watu wataniona ni nani?" Akashangaa. Akasema, "Kwani Mama hakukuambia?" Akanieleza kwamba siku ya kumzika Nekesa, viti vya wakwe vilipopangwa ng'ambo ya ua, mbali na nyumba, kama inavyotakiwa, ulitoka mwenyewe ukahesabu, ukasema kimepungua kimoja. Wakakuambia hayupo. Ukasema, "Najua hayupo. Leteni kiti." Na toka siku hiyo, kila harusi, kila msiba, kila Krismasi kwenye boma lako, kiti kinawekwa pale ng'ambo kati ya wakwe, na mtoto akikikalia anafukuzwa.

Nilikuuliza swali hapa, Mama, nikadhani umelala.

Nimewasha injini. Askari ameamka, anajinyoosha. Nimemwambia akuambie kwamba ninakula, na kwamba nakuja. Sitasogea karibu, wala sitakutazama usoni. Nitapita nje ya ua, nitatafuta kiti changu, nitakaa.

Lala salama, usiwe na wasiwasi nami.

Mkweo