Ile Mashine ya Kuni Uliyotuma

Kwa Kaka Mkubwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji, na yule mtoto wenu anayelia kila akisikia sauti yangu kwenye simu. Hujambo? Kitambi hakijambo? Sisi huku wazima, Bibi mzima, na mimi ndio usiseme, nazidi kupendeza mpaka kioo kinaona haya. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Unauliza Bibi yuko wapi, halafu unakata.

Mashine yako ya kupasulia kuni imefika. Watu wa lori waliishusha mlangoni ikiwa vipande vipande ndani ya sanduku, wakauliza fundi yuko wapi. Nikawaambia mnaongea naye. Bibi alikuwa kizingitini anachambua mboga, hata kichwa hakuinua. Sandukuni mlikuwa na injini, tangi, magurudumu mawili, boriti ndefu ya chuma yenye kabari yake, mabomba ya mpira na mfuko wa bolti na nati. Kijitabu cha maelezo nacho kilikuwamo, lakini unajua mimi na vitabu tuliachana zamani kwa amani. Nikakiweka juu ya kabati kipumzike.

Nilifunga kila kitu kwa spana za kuazima kwa jirani yetu fundi baiskeli. Alikuja kutazama, na nyuma yake nusu ya mtaa. Nikatia petroli, nikatia oili ya injini, nikavuta kamba, injini ikanguruma vizuri kabisa. Nikaweka gogo, nikasukuma mkono wa mashine. Kabari ikatulia tuli kama mgeni aliyekosa kiti. Fundi baiskeli akauliza kama hii ni mashine au redio. Bibi akasema wamwache mjukuu wake, mashine imefanana naye tu, sauti kubwa na kazi hakuna. Ikabidi nizime nikashushe kijitabu. Kumbe lile tangi kubwa nalo linataka oili yake, ndiyo inayosukuma kabari, na mimi nilikuwa nimelifanya pambo. Nilipolijaza, kabari ikatembea taratibu, ikaingia kwenye gogo la mafundo ambalo shoka lilishindwa, gogo likalia kidogo, likaachana pande mbili. Mimi nikajifanya napangusa mikono.

Sasa Kaka, kaa vizuri. Siku ile shoka lilipomponyoka Bibi akipasua kuni, likakaribia kumkata kidole cha mguu, ulisema akigusa kuni tena utakuja kumchukua akaishi kwenu ghorofani, na nyumba hii tuifunge. Hakukujibu, nawe ukadhani amekubali. Mimi ndiye niliyekuwa naye. Alimpa jirani jogoo wake. Akaanza kukunja vitambaa vya sebuleni kimoja kimoja na kuvitia kwenye sanduku lake la nguo. Mwenye tanuri la mikate, mteja wake wa kuni, alipokuja kuulizia, akamwambia atafute kwingine. Nikimtania, nikamwita mke wangu, ananiitikia kwa upole, ndiyo mjukuu wangu. Hapo niliogopa kweli. Ndiyo maana aliponicheka mbele za watu sikuona haya hata chembe.

Uliagiza mashine niendeshe mimi, Bibi akae mbali. Nilitii. Yeye akakaa kwenye kigoda chake akinielekeza kwa kidole, gogo hili limekaa upande, lile lina ufa huku, utafikiri nimeajiriwa. Ila kuinua magogo yale mazito ilikuwa kazi yangu, na mgongo ukaanza kunisema. Asubuhi moja nikawa naihamisha mashine, pini inayoifunga boriti ilale sijairudisha. Nikainua upande mmoja, boriti yote ikanyanyuka ikasimama wima. Nikajua nimeiua. Bibi akaitazama weee, akasema sasa imesimama kama mtu mwenye adabu, maana gogo haliinuliwi tena, linaviringishwa tu mpaka chini ya kabari. Akasogeza kigoda. Nikakimbilia kijitabu, na kweli, picha ya mwisho kabisa boriti imesimama hivyohivyo, imefungwa kwa pini yake. Majirani nimewaambia nilipanga.

Ninachotaka kukuambia ni hiki, na usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Anayepasua kuni hapa ni Bibi. Mkono wa mashine nilimpa mimi mwenyewe, kwa akili zangu timamu, nikijua ulivyosema.

Hafanyi kienyeji. Anavaa miwani ya kazi na vile viatu vyangu vigumu. Anaviringisha gogo, anatoa mikono, ndipo anasukuma. Akiachia, kabari inasimama. Nikijipendekeza kumshikia gogo ananifukuza, anasema mmoja akishika na mwingine akisukuma, hapo ndipo vidole vinapobaki. Mwenye tanuri amerudi. Vitambaa vimetoka sandukuni. Na jana aliniita mume wangu mvivu, akasema ataniacha aolewe na mashine, angalau ikinguruma kuna kitu kinapasuka.

Basi Kaka, kama kuna wa kugombezwa, nigombeze mimi, mgongo ninao. Yeye usimchukue. Anajua nakuandikia. Amesema kwenu atakuja kama mgeni, atambeba mtoto, atakula, atalala, na siku ya kurudi kwake ataitaja yeye.

Wasalimie wote hapo. Fundi baiskeli anakusalimu, mwenye tanuri pia. Kama bado una wasiwasi, njoo ujionee, lakini uje na nguo za kazi. Kupasua kumepata mashine. Kupanga kuni bado kunataka mgongo wa mtu, na Bibi amesema wangu hautoshi, nimlete na yule mwenye kitambi.

Ni mimi mdogo wako,
Injinia wa Nyuma ya Jiko