Vidonge Vyako, Damu ya Baba

Nyuma ya bucha,
Jumapili jioni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo huko? Mgongo vipi, na wale wazee unaowatunza, bado wanakurushia vijiko? Presha yako imetulia au bado inapanda ngazi? Sisi huku tuko hai, na leo sisemi hivyo kwa mazoea. Baba yuko hai. Nimelitanguliza hilo ili usome yanayofuata ukiwa umekaa.

Ningekupigia simu, lakini najijua, na wewe unanijua. Ningekutukana kabla hujasema haloo, halafu ningelia, wewe ungekata. Mwenzako wa kazini aliyekuja likizo anarudi kesho, nampa barua hii akupe mkononi.

Tulikwambia Baba aliteleza bafuni. Uongo. Tulikwambia mumeo haongei kwenye simu kwa sababu jino linamuuma. Uongo mtupu. Shemeji kafungwa waya mdomoni, taya limevunjika, na aliyelivunja ni mimi mdogo wako.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, wiki tatu zilizopita, bucha imejaa hadi mlangoni. Nilikuwa nimemwekea maini yule mwalimu mstaafu, nimeyatundika pembeni kabisa. Shemeji akamuuzia mama wa hoteli. Maini, Dada! Watu wazima tukaanza kubwatukiana mbele ya wateja, mimi na kisu, yeye na msumeno wa mifupa. Nashukuru angalau vyombo tuliviweka chini kwanza. Akanikamata aproni, nikamkaba shati, tukasukumana mpaka ndoano za nyama zikawa zinagongana juu ya vichwa vyetu.

Baba akainuka kwenye kiti chake cha pembeni. Unamjua, hawezi kuona vijana wake wanashikana akatulia. Akaingia katikati. Shemeji alikuwa anajinasua kwangu, kiwiko kikarudi nyuma kikampata Baba puani. Hata nguvu hakikuwa nazo. Mtoto wa shule angelia kidogo, akafuta kamasi, akaendelea kucheza. Baba akayumba, akadondokea pembe ya gogo la kukatia nyama, paja likagonga hapo.

Damu ikatoka puani, tukasema itakata. Tukamwinamisha, tukambana pua, tukaweka barafu ya kwenye jokofu. Haikukata. Taulo la kwanza likalowa, la pili likalowa, aproni ikalowa. Mimi nimechinja tangu sina ndevu, Dada, damu siiogopi, lakini ile iliniogopesha kwa sababu haikuwa inaganda. Ilikuwa inateremka tu sakafuni. Paja nalo likaanza kuvimba ndani ya suruali, jeusi, gumu.

Hapo nikapandwa. Nikaona huyu kamuua baba yangu. Nikanyakua sinia la mizani, lile la chuma, nikampiga nalo Shemeji usoni. Alianguka. Nikampiga tena akiwa chini. Wateja walinivuta, mmoja nikamng'ata mkono. Sikusikia chochote, nilisikia tu meno yake yakigongana na vigae. Hayo nimeyaandika kwa sababu ni mumeo, na una haki ya kuyajua kutoka kwangu, si kwa majirani.

Hospitali walimwongezea Baba damu, chupa juu ya chupa. Daktari akauliza, mzee anatumia dawa gani? Mama akasema ile moja tu, ya kuzuia damu isigande, tangu alipowekewa valvu ya chuma kwenye moyo. Daktari akauliza tena, hakuna kingine? Mama akaapa hakuna. Kipimo kikaja, daktari akakunja uso, akasema damu hii ni nyepesi kupita kiasi, kiwiko peke yake hakifanyi hivi, kuna kitu mzee anameza. Mama akafikiri, halafu akasema kwa sauti ndogo, labda vile vidonge anavyotutumia binti yetu, lakini vile si dawa, baba yangu, vile ni zawadi.

Nikakimbia nyumbani nikavileta. Vile vya kitunguu saumu. Mafuta ya samaki. Vile vya majani ya kuongeza kumbukumbu. Daktari akavipanga mezani kimoja kimoja, akasema kila kimoja kinaweza kumfanya mtu atoke damu kwa urahisi zaidi, na mtu mwenye dawa ile ya moyo hatakiwi kuongeza hata kimoja bila kuuliza. Vyote pamoja ni kumfungulia damu mlango. Nikamwambia lakini chupa zimeandikwa asilia. Akanijibu, hata sumu ya nyoka ni asilia.

Na kumbe si kwamba alikuwa anakunywa kimoja kwa siku. Unajua anachofanya mzee wako? Katikati ya wiki anasahau. Ikifika Jumamosi usiku anakumbuka kwamba kesho utapiga simu, utamuuliza, Baba umekunywa vyote? Na yeye mtu wa mizani, hajawahi kupunja mteja wala kudanganya mtoto. Basi anakaa kitandani anahesabu vya wiki nzima vilivyobaki, anavimeza vyote kwa mpigo, ili Jumapili akujibu kwa dhamiri safi, "Ndiyo mama, vyote." Mama alikuwa anamshikia maji. Hawakutuambia kwa sababu walidhani hakuna cha kusema.

Dalili tulikuwa nazo. Mikono yake ilikuwa na madoa ya bluu, mimi nikamtania kwamba Mama anampiga usiku. Tulicheka. Akipiga mswaki alikuwa anatema pinki. Nikamwambia abadili mswaki. Ningejipiga mimi mwenyewe na lile sinia.

Mama kwa hofu alitaka kutupa kila kitu, hadi dawa ya hospitali. Daktari alimzuia kwa ukali. Ile ikiachwa, damu inaweza kuganda kwenye valvu na kumuua Baba siku hiyohiyo. Kwa hiyo dawa hiyo anaendelea nayo, kwa kipimo, na damu inapimwa mara kwa mara.

Polisi walinichukua. Wakamfuata Shemeji kitandani, uso kama boga lililokanyagwa, wakamuuliza nani kakufanyia hivi. Akatikisa kichwa, akaonyesha kwa mkono kwamba alianguka. Wakaniachia. Nilipokwenda kumpigia magoti alinivuta sikio, akaongea kwa meno yaliyofungwa, nikamsikia kwa shida. "Dada yako asijue habari ya vidonge. Bora aamini ni kiwiko changu."

Huyo ndiye mwanaume uliyeolewa naye. Nilikuwa nasema umekosea kuchagua. Nafuta kauli.

Nimemwahidi nitanyamaza, na sasa navunja ahadi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni wewe. Uliniambia una vile vya kukuchangamsha, unakunywa pamoja na dawa za presha ili umalize zamu. Dada, unanitafutia nini? Chukua chupa zote, hadi ile chai ya majani ya kupunguza tumbo, weka kwenye mfuko mmoja pamoja na dawa zako, mpelekee mfamasia wa huko. Akikuuliza unatumia nini, usimjibu kama Mama. Mwaga vyote mezani.

Ya pili ni Baba. Kile kifurushi cha vidonge ulichompa mwenzako alikileta buchani wiki iliyopita. Nilikiweka juu ya gogo nikakipiga kwa shoka la mifupa mpaka kikawa unga, Mama akafagia. Wateja walidhani nimerukwa na akili. Baba hajui. Anajua tu kwamba hakijafika, na kila mlango ukigongwa ananyanyua kichwa.

Maana yeye anaamini ni vidonge vyako vilivyomwokoa. Daktari kamweleza, mimi nimemweleza kwa upole na kwa kelele, Mama kalia. Anatusikiliza, kisha anasema, "Mwanangu hawezi kunitumia kitu kibaya." Juzi kamtuma mtoto wa jirani amnunulie vinavyofanana kwa yule mchuuzi wa kipaza sauti. Nimemfukuza mchuuzi mtaa mzima na mwiko wa ugali. Lakini siwezi kukimbiza wachuuzi wote, Dada, na usiku silali naye chumba kimoja. Akimeza tena vile, kiwiko hakitahitajika. Atajikwaa tu kwenye mkeka.

Mama anakusalimu, anasema usijilaumu, ingawa yeye anajilaumu kutwa. Shemeji anakusalimu kwa mkono, mdomo bado uko kifungoni. Anakunywa uji kwa mrija, mimi ndiye namkorogea, na akiona mwepesi ananitupia kikombe. Ana haki. Wasalimie wazee wako wa huko, na mwenzako mbeba barua mpe chai nzuri.

Baba amekaa hapa pembeni yangu, mguu juu ya stuli. Ameniuliza namwandikia nani, nikamwambia. Amefurahi. Amesema nikuandikie hivi hivi, "Mwambie mama asichoke kutuma. Safari hii sitasahau, nitakunywa vyote."

Mpigie leo hii, Dada, umkataze kwa mdomo wako. Usingoje Jumapili. Anayekusikiliza ni wewe tu, sisi wengine Baba hatusikii.

Mungu akushike mkono unapobonyeza hiyo namba, na atubakishie mzee wetu.

Wako akupendaye, mwenye mikono michafu,
Pilipili