Kishonanguo Nilichokianika

Bukoba Mjini,
12 Julai 1951

Kwa dada yangu mpenzi Felicitas,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, mama na wote hapo Kamachumu hamjambo, na kahawa inachumwa vizuri. Mimi sijambo. Hata mguu umepona, na habari ya mguu huo ndiyo iliyonifanya niandike.

Barua yako nimeipata. Unasema mama hataki kula, wala haendi kanisani, tangu mkungu Karugendo, mkuu wa kijiji chetu, amkataze barazani kutibu vidonda vya watu. Nakiri nilicheka. Mimi dresa, mfunga vidonda wa hospitali mwenye cheti, nivaaye kaptula iliyopigwa pasi, nimhurumie mtu anayetafuna kishonanguo na kukitema juu ya jeraha? Gugu la mtaroni, linalong'ang'ania nguo za kila mpita njia! Wanawake wengine huling'oa kibanjani kwa aibu. Mama aliliachia kona nzima nyuma ya jiko, nami nikashindwa kuleta wageni nyumbani.

Unakumbuka alivyonipa majani yake nimpe daktari wetu, yapelekwe Dar es Salaam kupimwa. Aliyafunga kwenye jani la mgomba, akasisitiza yasione jua na yafike kwa daktari siku hiyohiyo. Nilimwitikia kwa heshima ya mdomoni, waitu, waitu, huku nikimdharau. Nilipofika niliyaanika juu ya jamvi siku tatu, kama tunavyoanika kahawa, maana sisi Wahaya kitu kibichi hatukioni kuwa mali.

Majibu yalipokuja niliyaleta barazani mwenyewe, nikasoma kwa sauti kwamba majani hayo hayana nguvu yoyote ya kuzuia usaha. Watu wakaangua kicheko, na Karugendo akatoa lile katazo. Mama akatazama chini, nami nikaona nimeelimika kweli.

Sasa mguu. Mwezi wa tano nilijikata kwa chupa. Iodini, poda na bandeji, vyote ninavyowatibia wagonjwa kwa maringo, vilishindwa. Kidonda kikanuka hadi wenzangu wakaziba pua. Basi nikachuma kishonanguo, si kwa imani, bali nipate kumcheka mama vizuri zaidi. Nikaponda majani mabichi, nikakamulia maji yake kidondani asubuhi na jioni. Siku ya nne usaha ulikoma. Leo navaa kiatu, na nimekasirika kama mtu aliyetukanwa.

Dada, sikuwasomea yote. Chini ya karatasi mpimaji aliandika kwamba majani yalifika makavu, kwamba mafuta yaliyomo huharibika kwa jua, na kwamba apelekewe mengine yaliyolowekwa mabichi kwenye spiriti. Mstari huo niliufunika kwa kidole gumba nilipokuwa nasoma. Sikuteleza. Nilijua ninachokifanya, na najichukia.

Karatasi yenyewe ninayo. Usimwambie mama haya jikoni peke yake. Mwombe Karugendo aitishe baraza Jumamosi. Nitakuja nisimame palepale, nisome mstari wa mwisho, wanicheke mimi.

Nisalimie wote, na jirani zetu pia. Mama mwambie neno moja tu: ile kona asiing'oe.

Ni mimi mdogo wako,
Philbert